Nyonga si Kiuno: Maneno ya Kumwelekeza Aliyebadilishiwa Nyonga

Mkulima wa Nachingwea au Ruangwa aliyebadilishiwa nyonga katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, hurejea kwao safari ya zaidi ya kilomita 500. Daktari aliyempasua hubaki Dar es Salaam, naye huondoka na karatasi ya maelekezo. Karatasi hiyo ikiwa imefasiriwa ovyo, atakayeumia si mfasiri.

Tuanze na jina la kiungo. Nyonga ni maungio ya fupa la paja na fupanyonga. Kiuno ni sehemu iliyo juu yake. Watu husema "kiuno kinauma" kwa maana zote mbili, na barazani hapana ubaya. Katika hati ya tiba ubaya upo, hasa kwa kuwa maumivu ya nyonga aghalabu husikika kinenani, pajani au hata gotini.

Upasuaji wenyewe, katika umbo lililoenea duniani, ulianzishwa na John Charnley huko Uingereza mwaka 1962. Kichwa cha fupa la paja kilicholika hukatwa, kikawekwa cha chuma, nacho huzunguka ndani ya kikombe cha plastiki ngumu. Wako wanaouita "upandikizaji". Hatuafiki. Neno hilo limezoeleka kwa figo, ambayo hutoka kwa mtu mwingine, na mgonjwa aweza kudhani amewekewa mfupa wa marehemu. "Ubadilishaji wa nyonga" na "nyonga bandia" yatosha. Neno bandia halimtishi mtu aliyekwisha kusikia meno ya bandia.

Taabu kubwa imo katika amri. Majuma ya mwanzo, kwa kawaida sita hadi kumi na mawili, wapasuaji wengi hukataza kukunja nyonga kupita digrii 90, kupishanisha miguu na kugeuza kidole gumba kwa ndani, kichwa cha chuma kisije kikachomoka kikombeni. Wafasiri huandika "usiiname". Mgonjwa mtiifu hunyoosha mgongo, kisha huchuchumaa chooni, mgongo umesimama wima kabisa! Ametii neno, amevunja sharti. Kiswahili hakina uhaba hapa: tuna kuchuchumaa, kuchutama, kukaa kitako, kupiga magoti, kukunja nne. Yatajwe hayo kwa majina, pamoja na mahali pake: choo cha shimo, kigoda cha jikoni, mkeka, kuokota korosho chini ya mti, kupalilia ufuta kwa jembe la mpini mfupi. Ipendekezwe pia dawa yake, yaani kiti kirefu chenye tundu cha kuwekwa juu ya choo, ambacho seremala yeyote wa kijijini hukiunda. Digrii 90 zimwendee muuguzi.

Neno la pili la hatari ni "pumzika". Kwa wengi maana yake ni kulala kutwa, na jamaa kwa huruma humletea mgonjwa kila kitu kitandani. Kumbe anatakiwa kusimama na kutembea mapema, mara nyingi siku ile ile au siku ya pili yake, damu isigande miguuni na misuli isinyauke. Afadhali kuandika: "Tembea kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, ukichoka keti kwenye kiti kirefu."

Badala ya "kuweka uzito juu ya mguu" twapendekeza kukanyagia: "kanyagia kwa kiasi ulichoruhusiwa". Magongo ni mawili ya kwapani au ya mkononi; mkongojo ni mmoja, nao hushikwa mkono wa upande mzima, jambo ambalo wengi hulifanya kinyume. Katika ngazi, kupanda hutangulia mguu mzima, kushuka hutangulia uliopasuliwa.

Lipo pia neno utengamao, linalotumiwa sasa na Wizara ya Afya kwa huduma za kumrudishia mtu uwezo wake. Limetokana na kutengamaa, na ni zuri kuliko "mazoezi" peke yake, ambayo humkumbusha msikilizaji gwaride au mpira. Walakini wazee wengi wa Nachingwea na Ruangwa huzungumza Kimwera nyumbani, na Kiswahili chao ni cha soko na shamba. Kwenye karatasi ya mgonjwa, basi, utengamao uandikwe kichwani, na chini yake: kutembea, kupanda ngazi, kuchota maji, kurudi shambani, kila kimoja na majuma yake kama daktari alivyoyapanga.