Kujijengea Bitcoin Core: Unamwamini Nani?

Novemba 2019, mtumiaji mmoja wa sarafu ya kidijitali ya Monero alipakua pochi kutoka tovuti rasmi ya mradi, kisha akafanya jambo ambalo wengi wetu hulipuuza: akapiga hashi ya faili hilo, yaani alama fupi inayobadilika faili likiguswa, na kuilinganisha na iliyotangazwa. Hazikufanana. Ikabainika kwamba seva imevamiwa, na waliopakua katika muda huo walikuwa wakipewa pochi yenye kuiba maneno ya siri. Anwani ya tovuti ilikuwa ileile, na msimbo uliowekwa hadharani ulikuwa safi. Kilichochafuliwa ni faili lililokwisha kujengwa.

Bitcoin Core, programu iliyotokana na ile aliyoitoa Satoshi Nakamoto Januari 2009, imeandikwa kwa C++, lugha ambayo mtu anaweza kuisoma. Prosesa haiielewi hadi kompaila iigeuze kuwa faili la kuendeshwa. Anayepakua faili lililo tayari anamwamini aliyeligeuza na kila aliyelishika njiani. Kusoma msimbo wote hakumwambii kama faili alilonalo limetokana nao. Ni tofauti ya kununua unga wa paketi na kupeleka mahindi yako mashineni, ukasimama pale yakisagwa.

Kwenye Ubuntu kazi yenyewe si ngumu. Unasakinisha kompaila ya C++, CMake, Python na maktaba kadhaa, zikiwemo libevent, Boost na SQLite. Unanakili hazina ya msimbo kwa Git na kuchagua lebo ya toleo lililokamilika, kwa sababu tawi kuu ni karakana, mambo yake bado yanachongwa. Unathibitisha sahihi ya lebo hiyo kwa «git verify-tag», ukiwa na funguo za wasanidi ulizozipata kwa njia unayoiamini. Kisha «cmake -B build», «cmake --build build», na mwisho «ctest --test-dir build» ili majaribio yapite mbele ya macho yako. Ukitaka dirisha la kubofya, ongeza Qt na uiambie CMake wazi, maana bila kuambiwa hailijengi. Maelekezo ya zamani yanayoanza na «./autogen.sh» yalikufa na toleo la 29 la mwaka 2025.

Kompyuta nyingi hukwamia kwenye RAM. Mradi unashauri angalau GB 1.5 iwe wazi, lakini hiyo ni kwa kazi moja kwa wakati. Anayeandika «-j8» kwenye kompyuta ya GB 4 anaita kompaila nane zile sahani moja, na Linux, ikiona kumbukumbu imekwisha, huua mojawapo. Neno «Killed» linalotokea hapo humfanya mtu adhani msimbo una kasoro. Punguza hadi «-j2» au «-j1», kisha uwe na subira.

Sasa upande ambao wapenzi wa kujijengea hawausemi sana. Januari 2015 maktaba ya OpenSSL, ambayo Bitcoin Core iliitegemea wakati huo kukagua sahihi za miamala, ilitoa matoleo mapya yaliyokagua umbo la sahihi kwa ukali zaidi. Kwa programu nyingine lilikuwa rekebisho jema. Kwa Bitcoin lilikuwa tishio: nodi, yaani kompyuta inayoendesha programu hiyo mtandaoni, ikikataa sahihi ambayo wenzake wanaikubali, inajitenga na mtandao na kubaki na mnyororo wake peke yake. Waliotumia faili rasmi walisalimika, kwani OpenSSL ya zamani ilikuwa imefungwa ndani yake. Waliokuwa hatarini ni waliojijengea, pamoja na waliochukua programu kwenye hazina za Linux zao: programu zao zilitegemea OpenSSL ya mfumo, na mfumo ulipojisasisha, kanuni za fedha zao zilibadilika bila wao kugusa kitu. Toleo la 0.9.4 likatolewa kuziba pengo. Tangu toleo la 0.12 la 2016, sahihi hukaguliwa na libsecp256k1, inayokuja ndani ya msimbo wa Bitcoin Core. Mtu akikushauri uiondoe utumie ya mfumo, mkatalie.

Wala msimbo unaoupakua si lazima uwe ule uliokaguliwa. Machi 2024 Andres Freund aligundua mlango wa siri ndani ya xz, maktaba ya kubana data, baada ya kushangaa kuona SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta kwa mbali, inachelewa kwa sehemu tu ya sekunde. Hati iliyouamsha mlango huo wakati wa kujenga haikuwemo kwenye hazina ya Git. Ilitiwa ndani ya kifurushi cha msimbo kilichotolewa kwa ajili ya watu kujenga. Waliojenga kwa uaminifu kabisa kutoka kifurushi kile walijenga mtego. Ndiyo maana nasisitiza Git na lebo yenye sahihi.

Kwa hiyo kujenga peke yako chumbani hakutoshi. Kinachokinga ni kulinganisha. Tangu toleo la 22 la 2021, wasanidi kadhaa wa Bitcoin Core hujenga kila toleo kwa Guix, mfumo unaomfungia kila mmoja kompaila na maktaba zilezile, hata mafaili yao yakafanana biti kwa biti, kisha kila mmoja huweka sahihi yake kwenye hashi alizopata. Anayepakua faili rasmi, akalinganisha hashi na kukagua sahihi za wajenzi zaidi ya mmoja, kwa maoni yangu yuko salama kuliko aliyejenga tawi kuu kwa kunakili amri asizozielewa.

Faili ulilojenga kwa CMake nyumbani halitafanana na lao, kwa kuwa kompaila yako ni nyingine; usishtuke. Ukitaka lifanane, tumia Guix hiyohiyo, na uandae saa nyingi pamoja na nafasi kubwa ya diski.