Mji Mkongwe wa Unguja Ni Wako Pia

Ukiwauliza watu wa Ntobeye habari za Unguja, wengi watakuambia, "Kule ni kwa watalii." Maneno hayo si ya kweli. Mji Mkongwe wa Unguja ni wako pia. Babu zetu wa bara waliujenga kwa mabega yao, ingawa hawakugawiwa faida yake.

Leo nitakueleza mambo ya kuona, ya kula na ya kufanya katika mji huo. Ukipata nafasi, nenda. Usipopata, soma na uwasomee wengine nyumbani.

NJIA YA ZAMANI

Zamani njia ya misafara ilitoka pwani ikaja Tabora. Kutoka Tabora njia moja ilikwenda Ujiji. Nyingine ilipita Usui, upande wa Biharamulo, ikafika Karagwe. Mwaka 1860 Waingereza wawili, Speke na Grant, waliondoka Unguja. Walipofika Usui, mtawala Suwarora aliwatoza hongo ndipo wakapita. Mwezi wa Novemba 1861 wakafika Karagwe kwa Mfalme Rumanyika. Karibu na hapo, mahali paitwapo Kafuro, wafanyabiashara kutoka pwani walikuwa na kituo chao.

Misafara ilileta nguo, shanga na nyaya za shaba. Ilirudi pwani na pembe za ndovu. Pembe hizo zilibebwa na watu mabegani kwa miezi mingi. Na watu wengine walipelekwa pwani wamefungwa minyororo, wakauzwa.

Kwa hiyo, ukiona jumba kubwa la mawe kule Unguja, jiulize swali moja: Nani alilipa gharama yake?

MAMBO YA KUONA

1. Mkunazini. Anza hapa. Hapa palikuwa na soko la watumwa. Soko hilo lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba na Waingereza. Kisha wamisionari wa Kianglikana walijenga kanisa kubwa mahali pale pale. Altare imewekwa mahali ambapo, kama inavyosimuliwa, watumwa walichapwa viboko.

Nje ya kanisa kuna shimo lililojengwa kwa mawe. Ndani yake zimesimama sanamu za watu watano, na shingoni wana minyororo. Simama hapo kidogo. Usipite haraka. Tazama nyuso zao. Watu kama hawa walitoka vijijini, walikuwa na mashamba na watoto.

Lakini jua jambo hili: kufungwa kwa soko hakukumaliza utumwa. Watu waliendelea kufanya kazi ya utumwa katika mashamba ya karafuu. Sheria ya kuuondoa utumwa Unguja na Pemba ilitoka mwaka 1897, yaani miaka 24 baadaye.

2. Ngome Kongwe. Ngome hii iko karibu na bahari. Waarabu wa Omani waliijenga baada ya kuwafukuza Wareno. Kuta zake ni nene na ndefu. Siku hizi hufanyika humo ngoma na maonyesho.

3. Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu. Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883. Lilikuwa refu kuliko majumba yote ya mji. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya jumba hili ilianguka. Watu wawili walikufa.

Hapa pana fundisho kwa kila mwenye nyumba. Majumba ya Mji Mkongwe yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Dari zake zimeshikwa na boriti za mikoko. Paa likivuja, maji huingia ukutani. Chokaa hulegea na boriti huoza. Ukuta huonekana mzima kwa miaka mingi, kumbe ndani umekwisha. Ndiyo maana wahenga walisema: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwaka 2000 shirika la UNESCO liliuweka mji huu katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini orodha haizibi paa. Mafundi ndio wanaoziba.

4. Milango. Pita katika vichochoro, utazame milango ya nakshi. Mingine ina njumu za shaba zilizochongoka. Utaona maua, samaki na minyororo iliyochongwa katika mbao. Zamani mlango ulionyesha utajiri wa mwenye nyumba. Ukipotea vichochoroni, usiogope. Uliza njia kwa salamu nzuri, watu watakuelekeza.

MAMBO YA KULA

Jioni, jua likizama, nenda bustani ya Forodhani. Wauzaji hupanga meza na kuwasha taa. Utaona pweza, samaki, mishikaki na muhogo wa kuchoma. Kunywa juisi ya miwa iliyokamuliwa pamoja na ndimu na tangawizi. Uliza bei kabla hujala. Chagua chakula cha moto.

Usiondoke kabla hujala urojo. Urojo ni mchuzi mzito wa rangi ya manjano, wenye uchachu. Ndani yake hutiwa viazi, bajia, kachori na chipsi nyembamba za muhogo. Sisi wa Ngara tunalima muhogo kila mwaka, lakini mara nyingi tunaujua kwa ugali tu. Waunguja huupika kwa nazi, huuchoma na huukaanga. Mama wa nyumbani atapata mawazo mengi hapa.

Asubuhi nenda soko la Darajani. Tazama samaki na viungo: karafuu, mdalasini, hiliki na pilipili manga. Katika msimu wake utapata mashokishoki na doriani. Doriani ina harufu kali, lakini wanaoipenda hawaiachi.

MAMBO YA KUFANYA

Kaa barazani unywe kahawa. Pale Sokomuhogo wanaume hukaa wakinywa kahawa chungu katika vikombe vidogo, huku wakizungumza habari za dunia. Kahawa humiminwa kutoka katika dele, yaani birika la kahawa. Huliwa kwa kashata.

Ndugu mkulima, fikiri jambo hili. Sisi wa Kagera tunalima kahawa. Wao hawana mashamba ya kahawa kama yetu, lakini wanaijua ladha yake kila siku. Wengi wetu tunauza yote, hatubakizi hata ya kikombe kimoja. Mtu asiyeonja zao lake atajuaje kama ni zuri au baya? Bakiza kidogo. Kausha vizuri, koboa, kaanga, twanga, kunywa na jirani zako.

Kisha toka mjini, nenda mashamba ya viungo. Utaona mkarafuu ni mti mrefu. Karafuu tunayotia katika chai ni kichomozo cha ua. Huchumwa kabla ua halijafunguka. Ukichelewa, hasara. Halafu huanikwa juani juu ya majamvi, si juu ya udongo. Hili ni fundisho lile lile ninalowaambia wakulima wa kahawa: chuma kwa wakati, anika mahali safi.

Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja. Tangu hapo karafuu nyingi hutoka Pemba. Mkulima wa zao moja ajifunze hapo.

LUGHA YAKO IMETOKA HUKO

Liko jambo jingine ambalo hulioni kwa macho. Fungua masikio usikilize Waunguja wanavyosema. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Basi Kiswahili ulichojifunza kusoma darasani, na unachosoma sasa hivi katika gazeti hili, mzizi wake uko katika mji huo. Ukifika, hutahitaji mkalimani. Mhangaza, Mshubi na Msubi wote watasikilizana na Mmakunduchi.

UKITAKA KWENDA

Safari ni ndefu, lakini inawezekana. Fanyeni hivi:

(a) Nendeni kwa kikundi. Anzeni kuweka akiba mkishauza mazao.

(b) Kutoka Ngara pandeni basi hadi Dar es Salaam. Pale bandarini pandeni boti. Boti ziendazo kasi huchukua kama saa mbili.

(c) Bebeni vitambulisho. Pasipoti haihitajiki, hii ni nchi yetu.

(d) Vaeni nguo za heshima. Mwezi wa Ramadhani msile hadharani mchana. Ombeni ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha.

(e) Epukeni miezi ya masika, Machi hadi Mei. Mvua ni nyingi, na hata shambani mnahitajika.

Ndugu msomaji, mtalii hutazama mlango mzuri akaenda zake. Wewe utazame mlango, kisha umkumbuke aliyebeba pembe iliyoununua. Ukirudi kijijini, wasimulie watoto yote mawili: uzuri wa mji na gharama yake. Ukiwaeleza uzuri peke yake, umewaficha babu zao.

ZUNGUMZENI DARASANI

1. Misafara ilileta nini bara? Ilipeleka nini pwani?
2. Kwa nini Jumba la Maajabu lilianguka? Ni jengo gani hapa kijijini linahitaji kuzibwa ufa sasa?
3. Waulizeni wazee: wanakumbuka nini kuhusu njia za zamani za misafara? Andikeni majibu yao kabla hayajasahauliwa.