Gari Lililolala Lilipe la Nini?

Mtaani kwetu Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, kuna Peugeot 504 iliyofunikwa turubai la buluu, na paka wa mtaa mzima wamelifanya turubai hilo kitanda chao. Mwenyewe ni jirani yangu, mzee aliyestaafu. Gari la kila siku nyumbani kwake ni Vitz ya mwanawe. Hii ya turubai ni gari la pili, aliloachiwa na kakake, na hutoka Jumapili tu. Alasiri ikishapoa, mzee huwapakia wajukuu akawapeleka Lighthouse kula mihogo na kunywa madafu, wakaangalia meli zinavyoingia Kilindini, kisha Peugeot ikarudi kulala. Inapowashwa hukohoa moshi mweusi, na wa ghorofani hufunga madirisha kabla hawajaambiwa.

Juni mwaka 2024 mzee huyu alinishika mkono barazani akaniuliza kama kodi iliyokuwa ikizungumzwa redioni ni ya gari au ya turubai. Nilicheka. Baadaye niliona kwamba ndilo swali lililopaswa kuulizwa bungeni.

Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka kila mwenye gari alipe kwa mwaka asilimia 2.5 ya thamani ya gari lake, isipungue shilingi 5,000 wala isizidi 100,000. Thamani ingetazamwa kwa aina ya gari, ukubwa wa injini na mwaka lilipoundwa, na pesa zingekusanywa na kampuni za bima pale mtu anapokata bima. Magari ya serikali, ya polisi, ya jeshi, ya mabalozi na ambulensi yaliachwa nje. Tarehe 18 Juni mwenyekiti wa Kamati ya Fedha ya Bunge, Kuria Kimani, alitangaza kwamba kodi hiyo imeondolewa. Wiki moja baadaye vijana waliingia Bungeni Nairobi, huku Mombasa nayo ikiandamana, na Rais Ruto akakataa kuutia saini mswada wote. Basi kodi ikafa. Lakini kodi Kenya hazifi moja kwa moja, hulala kama gari la mzee, na ndiyo sababu naona heri tuizungumze sasa wakati hakuna anayepiga kelele.

Tuanze na hesabu za barazani. Safari ya Jumapili, kwenda na kurudi na mizunguko yake, tuseme ni kilomita 12. Peugeot ile, kwa ukongwe wake, inakunywa lita moja kwa kilomita sita. Kwa wiki ni lita mbili. Lita ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ya kaboni, kwa hivyo gari chafu la mtaa wetu latoa kilo nne na nusu hivi kwa wiki. Sasa chukua Probox safi, ya juzi, inayobeba mizigo kutoka Marikiti hadi Kilifi, kilomita 200 kwa siku, lita 14. Hiyo ni kilo 32. Probox kwa siku moja inatoa kaboni ambayo Peugeot huitoa kwa wiki saba.

Rudi kwenye kodi. Peugeot hata ukiipandishia bei haifiki shilingi laki mbili, kwa hivyo ingelipa kile kima cha chini, 5,000. Ukizigawa kwa kilomita 600 na kitu za mwaka mzima, mzee angelipa shilingi nane kwa kila kilomita. Probox ya laki nane ingelipa 20,000, na kwa siku 300 za kazi hiyo ni senti 33 kwa kilomita. Kwa kila kilomita, anayeitumia barabara kidogo angelipa mara 24 ya anayeitafuna kila siku. Upande wa juu ndiko kwenye kichekesho zaidi. Gari la milioni nne lingefika kwenye dari la 100,000. Gari la milioni 20, yale yanayotanua kifua Nyali na Kizingo, lingelipa 100,000 hizo hizo, yaani nusu asilimia tu. Gari la laki moja lingelipa asilimia tano. Sijui hesabu hii ilipigwa na nani, ila nadhani hakuja kwa matatu.

Tulishawahi kuona jambo la namna hii. Sheria ya ushuru wa bidhaa ya 2015 ilileta ushuru wa kima kimoja kwa magari yanayoingia kutoka nje: shilingi 150,000 kwa yasiyozidi miaka mitatu na 200,000 kwa yaliyoizidi. Vitz ikashushwa meli pale Kilindini ikidaiwa sawa na jigari la kifahari. Mwaka uliofuata serikali ikarudi kwenye asilimia.

Wengi wamesahau kwamba kodi ya kila mwaka tulikuwa nayo. Wa umri wangu watakumbuka ile leseni ya barabara iliyobandikwa kwenye kioo cha mbele, na wenye magari waliojua saa za kupita ili polisi wasiione tarehe yake. Mwaka 2006 Waziri wa Fedha Amos Kimunya aliifuta, na badala yake akapandisha tozo ya kutengeneza barabara inayokatwa kwenye mafuta, kutoka shilingi 5.80 kwa lita hadi 9. Wazo lilikuwa la busara. Anayeendesha sana anunue mafuta mengi alipe mengi, mwenye gari bovu linalokunywa kama ngamia naye alipe kwa kiu yake, na aliyelaza gari asilipe kitu. Tanzania ilifanya vivyo hivyo 2017: Waziri Philip Mpango alifuta ada ya mwaka ya leseni za magari akaongeza shilingi 40 kwenye kila lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. (Hayo mafuta ya taa yalinikera. Bibi asiye na hata baiskeli akatiwa kwenye mchango wa magari kwa sababu ya kandili yake.)

Kwetu ile 9 haikukaa. Ilifika 12, ikafika 18 mwaka 2016, na Julai 2024, wiki chache tu baada ya mswada kukataliwa, ikawa 25. Kwa hivyo jirani yangu analipa leseni yake ya barabara kila anapojaza, shilingi 50 kwa wiki, 2,600 kwa mwaka, bila foleni wala stika. Kumwongezea 5,000 za mwaka juu yake ni kumuuzia tena kitu alichokwisha nunua, na atakayeirudisha kodi hii kwanza atueleze kama ile shilingi 3.20 ya Kimunya itarudishwa.

Kuna wanaosema mwenye magari mawili ni tajiri, alipe. Hoja hiyo siidharau. Mtu anayevuka Likoni kwa miguu kila alfajiri hana hata moja, na tozo ya mafuta inamfikia yeye pia, kupitia nauli. Lakini gari la pili Mji wa Kale mara nyingi si dalili ya utajiri. Ni la urithi ambalo ndugu watano hawajakubaliana kuliuza, au ni la kijana aliye Dubai au Muscat, analolitumia wiki tatu kila baada ya miaka miwili. Na kwa kuwa kodi ile ingeshikana na bima, wengi wa hawa wangefanya linalotarajiwa: wasingekata bima. Siku wangetoka nalo kwenda harusini Malindi, wangetoka bila bima, na angeumia mpita njia asiyehusika.

Uingereza, walikojaa watu wetu, wana kodi ya kila mwaka, na kwa magari yaliyosajiliwa kati ya Machi 2001 na Machi 2017 moshi ndio kipimo. Huko mwenye gari chafu la pili hulipa kiasi kile kile akiendesha kilomita 500 au 50,000, na manung'uniko yapo. Ila wameacha milango miwili wazi. Gari lililopita miaka 40 linaweza kusamehewa kabisa, na anayetangaza kwamba gari lake haliendi barabarani halipi, mradi aliweke kwenye eneo lake mwenyewe, si barabarani.

Hapo ndipo ninapogeuka dhidi ya jirani yangu, na naomba anisamehe. Kwenye eneo lake mwenyewe ni wapi? Nyumba zetu za mawe ya matumbawe zilijengwa mlango ukitazama mlango, na mtaa ulipimwa kwa mabega ya mtu na tumbo la punda. Ndia Kuu yenyewe, ambayo kwa Kimvita ni njia kuu tu, iliupata ukuu huo enzi za miguu. Hakuna ua wala gereji. Kila gari lililolala Mji wa Kale limelala juu ya ardhi ya wote. Kisiwa kizima hakizidi kilomita 15 za mraba, na juu yake kuna bandari, masoko, maofisi na watu wanaoongezeka. Dhara la Peugeot haliko katika moshi wake wa Jumapili. Liko katika siku sita ambazo haikusogea.

Kwa hivyo kama kuna ada ya haki ya kumtoza, ni ya nafasi. Hiyo si kazi ya Nairobi wala ya kampuni za bima. Ni ya kaunti, ambayo tayari hutoza maegesho katikati ya mji, kwenye barabara pana, lakini huku vichochoroni, ambako hatua moja ya nafasi ina thamani zaidi, turubai halidaiwi senti. Ada hiyo isitazame thamani ya gari wala umri wake. Peugeot na Prado zikikaa mahali pamoja zimekula mtaa ule ule, na Prado imekula zaidi, kwa hivyo ipimwe kwa urefu. Moshi tuuache kwenye pampu, na kwa yale mabovu kabisa, kwenye ukaguzi. Matatu na malori hukaguliwa kila mwaka, yakaguliwe na haya, kwani mama wa ghorofani hana haja ya kujua kilo za kaboni ili afunge dirisha.

Nilimweleza mzee haya barazani, kahawa mkononi. Hakuyapenda. Alisema gari hilo lilikuwa pale kabla mimi sijahamia, jambo ambalo ni kweli.

Alhamisi iliyopita mwenye mkokoteni wa maji alikwama kati ya Peugeot na ukuta, mitungi ishirini, nyuma yake tuktuk mbili zikipiga honi. Aliitwa mzee, akashuka na kikoi chake na ufunguo, akatoa turubai, paka wakatawanyika. Akaingia, akazungusha ufunguo. Betri ilikuwa imekufa. Tukaisukuma watu sita, na mwenye mkokoteni ndiye aliyehesabu.