Je, Wajua? Dishi Juu ya Bati au Bando Mkononi

Kata ya Mkumbi, wilayani Mbinga mkoani Ruvuma, iko mbali na studio kubwa za runinga nchini, na nyumba zenye runinga huko Umatengo, yaani nyanda za juu za Mbinga, kwa kawaida hupata picha kwa dishi na king'amuzi. Sasa kuna programu za simu zinazoonyesha chaneli zilezile mubashara, bila dishi wala fundi wa kupanda juu ya bati. Je, wakati wa kuliteremsha dishi umefika? Yapitie haya kabla hujaamua.

Je, wajua kwamba runinga ya waya ilizaliwa kwa sababu ya milima? Mwaka 1948, katika mji wa Mahanoy City, Pennsylvania, nchini Marekani, mfanyabiashara John Walson aliuza runinga ambazo hazikushika picha kwa kuwa milima ilizuia mawimbi. Anatajwa miongoni mwa watu wa kwanza kusimika antena kilimani na kushusha waya hadi nyumbani kwa wateja. Milima ya Umatengo nayo huzuia mawimbi ya minara ya nchi kavu. Lakini vijijini huku waya haukuenea. Tuliruka moja kwa moja hadi kwenye dishi.

Je, wajua kwamba Mtanzania aliyezaliwa Mbinga mwaka 1990 ni mkubwa kuliko vituo vyote vya runinga vya Tanzania Bara? Zanzibar ilikuwa na runinga ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara ilisubiri hadi 1994, vituo binafsi kama ITV vilipoanza kurusha matangazo.

Je, wajua king'amuzi kiliingiaje majumbani? Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia jijini Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, kabla ya ukomo wa kimataifa wa 17 Juni 2015. Popote mitambo ilipozimwa, runinga ya zamani bila king'amuzi ikawa haina kazi. Kila mabadiliko ya namna hii huja na gharama ya kifaa kipya, na anayeilipa ni mtazamaji. Ndiyo maana safari hii ni haki yake kupiga hesabu mapema.

Je, wajua kwamba dishi la Azam likiwa Mbinga hutazama upande wa Ziwa Nyasa? Azam TV, iliyoanza mwishoni mwa 2013, hutumia satelaiti za Eutelsat zilizo nyuzi 7 mashariki, juu ya ikweta. Mbinga iko karibu na nyuzi 35 mashariki, kwa hiyo dishi lazima ligeukie magharibi, likielekea kaskazini kidogo. Satelaiti yenyewe iko kilomita 35,786 juu ya ikweta, na huizunguka dunia kwa muda uleule dunia inaotumia kujizungusha. Ndiyo sababu fundi akishalifunga dishi vizuri, halihitaji kuguswa tena.

Je, wajua kwa nini picha hukatika mvua inapopiga? Mawimbi yanayoshuka kwenye madishi madogo yana urefu wa sentimita mbili na nusu hivi. Matone makubwa ya mvua huyanyonya na kuyatawanya. Mvua kubwa za masika zikitua juu ya vilima, mtazamaji hukosa picha kwa dakika kadhaa, kisha hurudi yenyewe. Dishi lililolegea au kupinda kidogo huteseka zaidi, hivyo kulikaza kabla ya msimu wa mvua ni kazi yenye faida.

Je, wajua kwamba satelaiti haihesabu watazamaji? Hurusha picha mara moja tu, na inatosha mtu mmoja au milioni moja. Mtandao wa simu haufanyi hivyo. Kwa kawaida kila anayefungua mechi kwenye simu hutumiwa picha yake peke yake. Watu hamsini wakitazama mchezo mmoja chini ya mnara mmoja, mnara hubeba mchezo huo mara hamsini. Hapa ndipo tofauti kubwa ya njia hizi mbili ilipo, na mengi yanayofuata yanatokana nayo.

Je, wajua hesabu ya bando? Ni rahisi kuikariri: kila megabiti 1 kwa sekunde hula megabaiti 450 kwa saa. Picha ya wastani kwenye simu ndogo hutosheka na kasi hiyo. Mechi pamoja na mapumziko huchukua kama saa mbili, kwa hiyo utatumia megabaiti 900. Ukitaka picha safi kwenye runinga kubwa, kwa megabiti 3 kwa sekunde, mechi hiyohiyo itakula gigabaiti 2.7.

Je, wajua nyumba nzima ingekula kiasi gani? Chukua familia inayowasha runinga saa nne kwa siku: katuni za watoto, taarifa ya habari, tamthilia. Kwa megabiti 3 kwa sekunde, mwezi wa siku 30 hufikia gigabaiti 162. Kwa kasi ndogo ya megabiti 1 kwa sekunde, bado ni gigabaiti 54. Uliza bei ya gigabaiti moja kwa wakala wako wa simu, zidisha, kisha linganisha na kifurushi cha king'amuzi, ambacho bei yake haibadiliki hata runinga ikiwaka mchana kutwa.

Je, wajua kwamba unaweza kulipa mara mbili? Programu kama AzamTV Max hukupa chaneli, lakini bando la kuzifikisha kwenye simu ni juu yako. Jumlisha yote mawili unapolinganisha. Na kwa mpenzi wa Simba au Yanga, swali la kwanza ni nani mwenye haki ya kuonyesha mpira: mwaka 2021 Azam ilisaini mkataba wa miaka 10 wa kurusha Ligi Kuu, wenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 225. Programu isiyo na ligi unayoipenda haitakufaa hata ikiwa ya bei nafuu.

Je, wajua kwa nini jirani mwenye dishi hushangilia goli kabla yako? Safari ya kupanda satelaiti na kushuka huchukua kama robo ya sekunde. Picha ya mtandao hukatwa vipande vya sekunde chache, hupangwa foleni, kisha simu hukusanya kadhaa kabla ya kuonyesha. Kuchelewa kwa nusu dakika ni jambo la kawaida. Mkwaju wa penalti utausikia kwa jirani kabla hujauona.

Je, wajua kwa nini picha huwa na ukungu badala ya kukatika? Njia iliyoletwa na Apple mwaka 2009, na kuenea duniani, huandaa kila kipande cha picha kwa ubora tofauti. Mtandao ukidhoofu, simu huomba kipande chepesi. Ukipata nguvu, huomba kizito. Ukiona jezi hazisomeki, simu inajitahidi mchezo usigande. Ukiingia kwenye mipangilio na kuchagua ubora wa chini mwenyewe, bando litadumu.

Je, wajua kwamba saa ya taarifa ya habari ndiyo saa ngumu kwa mnara? Saa mbili usiku watu wamerudi kutoka shambani na simu zote ziko hewani. Mei 2023, chini ya mradi wa Tanzania ya Kidijitali, Serikali kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini. Kila mnara unaoongezeka hupunguza mzigo wa jirani yake. Ndiyo maana kudai mawasiliano bora vijijini ni jambo zito, na wananchi wa kata za pembezoni wanastahili kusikilizwa.

Je, wajua umeme wa gridi ulifika lini Ruvuma? Njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea, yenye urefu wa kilomita 250 hivi, ilikamilika mwaka 2018. Kabla yake Songea na Mbinga zilitegemea zaidi jenereta za dizeli. Kwa nyumba ambayo gridi haijaifikia na inatumia sola ndogo, simu ina sifa moja kubwa: hula umeme kidogo sana kuliko runinga na king'amuzi vikiwaka pamoja.

Je, wajua kwamba Marekani mtandao umeshashinda? Mei 2025, kwa vipimo vya kampuni ya Nielsen, muda uliotumika kutazama runinga kwa mtandao ulizidi kwa mara ya kwanza ule wa vituo vya kawaida na waya kwa pamoja. Lakini kule nyumba nyingi zina intaneti ya malipo ya mwezi, isiyopimwa kwa gigabaiti kama bando letu. Ushauri unaotoka huko haufai kuchukuliwa ulivyo.

Je, wajua majirani zetu wana nini? Ng'ambo ya Ziwa, Malawi ilipata intaneti ya satelaiti ya Starlink mwaka 2023, na Msumbiji mwaka huohuo. Satelaiti zake huruka kilomita mia kadhaa tu juu ya dunia, na kwa kuwa intaneti hiyo hushuka kutoka angani, inaweza kuhudumia hata bonde lisilo na mnara.

Je, wajua kwamba njia zote mbili zinaweza kuishi nyumba moja? Anayelipia king'amuzi cha DStv anaweza kutazama pia kwenye simu kupitia programu ya DStv Stream, ingawa Machi 2022 kampuni hiyo ilianza kuruhusu kifaa kimoja tu kutazama mubashara kwa wakati mmoja. Baba akiwa shambani, kijana anayesoma Songea anaweza kufuata mchezo kwa malipo yaleyale, akinunua bando lake tu.

Je, wajua jinsi ya kujaribu bila kupoteza? Usiache kwanza kulipia king'amuzi. Nunua bando dogo, subiri saa mbili usiku, tazama mubashara kwa nusu saa ukiwa sebuleni kwako, kisha angalia kwenye mipangilio ya simu programu imekula megabaiti ngapi. Zidisha mara nne, upate matumizi ya mechi nzima. Mtu anayeishi peke yake na kutazama michezo michache kwa mwezi atafaidika na simu, hasa akiwa mkulima wa Mbinga, kwa kuwa fedha ya kahawa huja kwa msimu na bando hununuliwa pale linapohitajika. Familia yenye watoto, au kibanda umiza kinachojaza watu, ibaki na dishi kwa sasa. Rudia jaribio hili kila mnara mpya unapowashwa au bei ya bando inaposhuka, kwa sababu hapo jibu linaweza kugeuka.