Mmea wa ndani ya kioo: angalia maji kwanza, urembo baadaye

Wadau, niko Bariadi, nauza bustani ndogo za kioo mtandaoni. Mmea ukioza wiki ya pili, mteja anadai hela yake na anakuchafua kwenye komenti. Kwa hiyo chagua kwa maji.

Mfano ni chura wa Kihansi, kule Udzungwa. Aliishi kwenye majani yanayolowa manyunyu ya maporomoko. Bwawa la umeme likapunguza maji, manyunyu yakapungua, majani yakabadilika. Mwaka 2009 akatangazwa kutoweka porini.

1. Kioo chenye mfuniko: weka mmea unaopenda unyevu na kivuli, kama mani planti.

2. Mshubiri unataka kioo cha wazi. Ukiufunika, unaoza.

3. Mteja anataka kufuga chura humo? Usimpe mmea uliopuliziwa dawa ya wadudu. Chura anafyonza maji kwa ngozi, na sumu inapita hukohuko.

Kabla hujataja bei, muulize: kioo kina mfuniko? Kitakaa juani au kivulini? Kuna mnyama ndani? Majibu yake yatunze, siku akilalamika ndio ushahidi wako.

Unauza mimea? Tuambie hapo chini ipi inakusumbua.