Hesabu Bolti Kabla ya Kuamini Kadi: Injini Saba za Marekani

Ukitamka V8 Dar es Salaam, wengi watawaza Land Cruiser. Detroit, V8 ni ukoo mzima, wenye wajukuu na mapacha wanaowachanganya hata mafundi. Magari ya zamani ya Marekani mengi yameshabadilishwa injini. Rangi hupakwa upya, na kibandiko cha kwenye chujio la hewa hung'olewa gari hili kikabandikwa lile. Kisichosahau ni chuma chenyewe. Hizi hapa injini saba zilizoweka rekodi, na alama za kuzikumbuka.

1. Kubwa kupita zote: Pierce-Arrow 66
Lita 13.5 kwa silinda sita tu! Silinda moja ina zaidi ya lita mbili, ujazo unaozidi injini nzima ya saluni nyingi za leo. Ilitengenezwa Buffalo, New York, hadi 1918.

2. V8 kubwa zaidi: Cadillac 500
Namba 500 ni inchi za ujazo, yaani lita 8.2. Ilipotoka kwenye Eldorado ya 1970 ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 400. Kufikia 1976 zilitajwa 190. Ni kweli ilipunguzwa makali, lakini hata kipimo kilibadilika. Zamani injini ilipimwa ikiwa tupu. Kuanzia 1972 ikapimwa na feni, altaneta na ekzosi yake. Kwa hiyo ukitajiwa farasi, uliza mwaka kwanza.

3. Yenye silinda nyingi zaidi: Cadillac V16
Ilizinduliwa Januari 1930, wakati uchumi wa Marekani umeshaanza kuporomoka. Ilikuwa na lita 7.4 na silinda 16. Nyaya zilifichwa ili mwenye gari akifungua boneti aone urembo mtupu. Hadi 1940 zilitoka gari 4,000 na ushei tu.

4. V8 ya kwanza ya mwananchi: Ford ya 1932
Kabla yake V8 ilikuwa ya matajiri. Henry Ford na mafundi wake waliweza kusubu bloku nzima kwa mkupuo mmoja, na bei ikashuka. Ilikuwa na farasi 65. Silinda hedi zake ni bapa kama kifuniko cha sufuria, kwa sababu valvu ziko ndani ya bloku. Hesabu nati za hedi moja: za mwanzo zina 21, na toleo lililoanza 1938 lina 24.

5. Iliyozaa zaidi: Chevrolet V8 ndogo
Ilianza na magari ya 1955, ikiwa na lita 4.3, chini ya mhandisi Ed Cole. Mwaka 2011 General Motors ilisherehekea injini ya milioni 100 ya ukoo huu. Distribyuta yake iko nyuma, karibu na ukuta wa kabini. Ya V8 nyingi za Ford za miaka ya 1960 iko mbele.

Sasa chukua tochi na kitambaa. Futa grisi mbele ya hedi ya kulia, utakuta namba zilizogongwa. Herufi ya kwanza ni kiwanda: V ni Flint, T ni Tonawanda. Tarakimu nne zinazofuata ni mwezi na siku. Herufi za mwisho hueleza injini ilikusudiwa gari gani. Nyuma ya bloku kuna namba nyingine, iliyosubiwa pamoja na chuma. Ukikuta 3970010, usikimbilie kusema ni 350: mwaka 1969 bloku hiyohiyo ilibeba pia 302 na 327. Ganda moja, matumbo tofauti. Soma namba zote mbili.

6. Inayochanganya kuliko zote: Ford 351
Mustang ya 1970 yenye 351 na kabureta ya midomo miwili ina herufi H kwenye namba ya chesisi. Lakini H hiyo inaweza kuwa Windsor, ya kiwanda cha Kanada, au Cleveland, ya Ohio. Ujazo ni uleule, kipenyo na mwendo wa pistoni ni vilevile, ila vipuri vingi haviingiliani. Ukiagiza hedi bila kukagua, umetupa pesa. Kadi ya gari haitakusaidia. Hesabu bolti za tapeti kava moja: sita ni Windsor, nane ni Cleveland. Kisha fuata hosi ya juu ya rejeta: kwenye Windsor inaingia kwa ulalo katika manifoldi, kwenye Cleveland inashuka wima hadi kwenye bloku.

7. Iliyosafiri mbali zaidi: Buick 215
Hii ni V8 ya aluminiamu ya 1961, lita 3.5, nyepesi ajabu. Marekani waliiacha baada ya miaka mitatu tu. Rover ya Uingereza ikanunua haki zake, ikaifunga kwenye Range Rover ya 1970, na uhai wake ukavuka mwaka 2000. Kwa njia hiyo injini iliyokataliwa nyumbani ilifika hadi barabara za vumbi za Kenya na Tanzania. Ukiiona Range Rover ya zamani imeegeshwa gerejini, omba ufunguliwe boneti. Kadi itasema Uingereza, na tapeti kava huenda zimeandikwa Rover. Chini yake kuna mtoto wa Buick.