Jinsi ramani inavyopima umbali hadi kisima kilicho karibu

Katika vikao vya kukusanya maoni ya umma, swali hili halikosi: kwa nini kisima kipya kimepelekwa kijiji kile na si hiki? Sehemu ya jibu hutokana na ramani ya umbali. Mwananchi yeyote anaweza kuielewa, na hata kuisahihisha.

Ramani hugawanywa katika miraba midogo, tuseme ya mita 500 kila upande. Mraba wenye kisima kinachotoa maji hutiwa alama na kupewa 0. Miraba inayopakana nao juu, chini, kushoto na kulia hupewa 1. Inayopakana na hiyo, ikiwa bado haina namba, hupewa 2, na hivyo hivyo hadi ramani ijae.

Programu huanza kwenye visima vyote kwa pamoja. Huvipanga kwenye foleni kama ya Huduma Centre: aliyetangulia huhudumiwa kwanza, na kila mraba unaohudumiwa huwaita majirani wake wasio na namba wajipange nyuma. Kwa sababu hiyo, namba ya kwanza kuufikia mraba ndiyo ndogo kabisa, wala haibadilishwi tena. Kupima kila mraba na kila kisima kungechosha bure: miraba 10,000 na visima 150 ni vipimo milioni 1.5. Kwa foleni, kila mraba huingia mara moja tu.

Chukua miraba 7 iliyo kwenye mstari mmoja, yenye kisima kila mwisho. Itasomeka 0, 1, 2, 3, 2, 1, 0. Anayeishi katikati yuko hatua 3 kutoka kwa maji, yaani kilomita 1.5. Pampu ya upande wa kulia ikiharibika na alama yake ikafutwa, safu inakuwa 0, 1, 2, 3, 4, 5, 6. Familia iliyokuwa na maji karibu na mlango sasa inatembea kilomita 3 kwenda na 3 kurudi. Lakini kama hakuna aliyeripoti, ramani itaendelea kuandika 0 pale pale, na kijiji hicho kitaonekana hakina shida.

Mto usiovukika nao huingizwa kama mraba uliofungwa, ili hesabu iuzunguke. Mlima ni kazi ngumu zaidi, kwani hatua moja ya kupanda na mtungi wa lita 20 huhesabiwa sawa na ya tambarare. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani na UNICEF hutumia muda: huduma ya msingi ya maji isizidi dakika 30 kwenda, kupanga foleni na kurudi.

Sheria inataka mpango wa maendeleo wa mwaka ufike katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Ripoti za visima vilivyokauka, pampu mbovu na njia zilizofungwa zipelekwe mapema kwa msimamizi wa wadi, zikitaja kijiji na mahali hasa kisima kilipo.